Fundi wa dizeli nawaambia: gari la mjini chukueni petroli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji nichangie ubishi unaoendelea wiki hizi kuhusu magari makubwa ya kifahari, Land Cruiser, Prado, Range Rover na wenzao, kama mtu achukue la dizeli au la petroli. Wengi walioandika wamesema dizeli, wakafunga mjadala: dizeli haifi, dizeli inakula kidogo, dizeli ina nguvu mlimani. Mimi ni fundi wa pampu na nozeli, vile vifaa vinavyosukuma na kupuliza dizeli ndani ya injini, hapa Unga Limited, Arusha. Dizeli ndiyo inayonilisha na ndiyo iliyosomesha wanangu. Kwa hiyo ninaposema kwamba wengi wanaonunua magari hayo kwa matumizi ya mjini wangechukua petroli, mjue nasema jambo linalopunguza kazi mezani kwangu. Nalisema kwa sababu naona fedha za watu zinavyoteketea, na nyingine ni za mkopo.

Sifa ya dizeli nchini mwetu ilitafutwa kwa jasho na injini chache za zamani, na kubwa kuliko zote ni 1HZ ya Toyota. Ni injini ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo (feni ya kusukumia injini hewa), ilitoka mwaka 1990, na hadi leo ndiyo inayopeleka watalii mbugani na wauguzi vijijini. Pampu yake ni chuma na springi. Umeme inaouhitaji ili iendelee kunguruma ni waya mmoja tu wa kufungua na kufunga mafuta. Nozeli zake hufunguka kwa mgandamizo wa baa 150 hivi. Ukiipa dizeli iliyoingia maji kidogo itakohoa, itatoa moshi, lakini itakufikisha. Ikiletwa kwangu naifungua kwa spana, nabadilisha vichwa vya nozeli, napima, nafunga, na mwenye gari analala kwake siku hiyohiyo.

Tena hata enzi hizo dizeli haikuwa na nguvu kuliko petroli kama watu wanavyosimulia. Land Cruiser ya petroli yenye injini ya 1FZ, lita 4.5, ilikuwa na nguvu ya kuvuta ya nyutoni-mita 387. Hiyo 1HZ ilikuwa na 285. Iliyopendwa ni ile tabia yake ya kuvuta ikiwa kwenye mzunguko wa chini kabisa, gari linapanda mawe taratibu bila kukanyagwa, na kwamba fundi yeyote wa Loliondo au Kibondo aliweza kuitengeneza chini ya mti. Sifa hiyo ni ya haki. Tatizo ni kwamba imehamishiwa kwa injini ambazo hazikuifanyia kazi.

Dizeli iliyomo kwenye magari ya kifahari ya leo ni kizazi kingine kabisa. Kuanzia 1KD ya lita 3.0 ya Prado, ikaja 1GD ya lita 2.8, kuna V8 ya lita 4.5 ya Land Cruiser 200, na sasa V6 ya lita 3.3 ya Land Cruiser 300. Zote zina pampu inayosukuma mafuta kwenye reli moja, yaani bomba la pamoja la nozeli zote, na kompyuta ndiyo inayofungua kila nozeli, mara kadhaa ndani ya mpigo mmoja. Kwenye injini mpya mgandamizo ndani ya reli hiyo unazidi baa 2,000. Uwazi kati ya pini ya nozeli na tundu lake ni maikroni chache, wakati unywele wa kichwani mwako una maikroni kama 70. Na kilainishi cha pampu hiyo ni dizeli yenyewe, hakuna oili nyingine inayoingia mle. Dizeli ikiwa na maji, au ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, vyuma vinasagana vikavu.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Land Cruiser 200 ya dizeli ililetwa juu ya lori la kubebea magari kutoka upande wa Simanjiro. Mwenyewe aliishiwa njiani, akanunua dizeli ya kwenye dumu, akatembea muda mfupi, gari likakosa nguvu, likazima. Nilifungua filta ya dizeli, nikaikata ganda kwa msumeno, nikakunjua karatasi yake juu ya kitambaa cheupe pale nje kwenye jua. Karatasi ilikuwa inameremeta. Zile ni chenga za chuma, laini kama unga, zilizotoka kwenye pampu baada ya kujisaga. Chenga zikishafika kwenye reli zimeshafika kwenye nozeli, na V8 ina nozeli nane. Hapo hakuna kusafisha kwa matumaini. Unabadilisha pampu, nozeli zote nane na mabomba yake, unafungua tanki unaliosha, ndipo unawasha. Mzee yule alikaa kwenye benchi langu akaniuliza taratibu kama inawezekana kubadilisha nozeli nne kwanza, nne nyingine mwezi ujao. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwonyesha karatasi ile.

Na mzee yule ndiye mtu ambaye dizeli ilimfaa! Anakwenda mbali, anabeba mzigo. Kwake ushauri ni mwingine, nao ni mafuta safi na filta, nitaufikia. Ninaowahurumia zaidi ni wale ambao gari lao halitoki mjini.

Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni yana chujio la masizi kwenye eksozi, mafundi tunaliita DPF kwa herufi zake. Kazi yake ni kukamata masizi yasitoke nje. Yakijaa, kompyuta inaagiza mafuta ya ziada ili eksozi ipate moto wa nyuzi 600 hivi na masizi yaungue yawe majivu. Ili hilo lifanyike gari linatakiwa litembee bila kusimamasimama, injini ikiwa imepata moto vizuri, kwa dakika za kutosha. Dereva wa Arusha kwenda Singida halisikii hata siku moja. Linafanyika lenyewe akiwa barabarani. Sasa chukua gari hilohilo uliweke Dar es Salaam, kutoka Mikocheni kwenda Posta kwenye foleni, kiyoyozi kinapiga, injini inanguruma gari limesimama. Moto unaanza, gari linazimwa. Kesho unaanza tena, linazimwa tena. Masizi yanabaki palepale yanaongezeka, na yale mafuta ya ziada yaliyomwagwa kwenye silinda yanachuruzika pembeni mwa pistoni kwenda kwenye oili.

Kuna mama wa hapa Njiro aliniletea Prado ya lita 2.8, safi, imetoka Japani, haina hata mkwaruzo. Njia zake ni shule, dukani kwake na nyumbani. Taa ya injini imewaka, gari linajibana, halipandi spidi. Kabla ya kuja kwangu alishakwenda mahali pengine wakamfutia taa kwa kompyuta, ikarudi. Mimi kitu cha kwanza nilivuta stiki ya oili. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, na hakuna aliyeiongeza. Nikadondosha tone kwenye gazeti. Likasambaa haraka, rangi ya moshi katikati na duara la mafuta mepesi pembeni, na harufu ilikuwa ya dizeli. Maana yake oili ilikuwa imeshakuwa nyepesi, na tabo na beringi za injini zilikuwa zinalainishwa na mchanganyiko huo. Mama akaniambia, "Fundi, mimi gari nalitunza, sijawahi kulipeleka porini." Nikamwambia ndiyo, mama, na hilo ndilo limeliua. Lingekuwa linakwenda porini lingekuwa zima.

Gari hilohilo lina tanki jingine dogo ambalo wanunuzi wengi hawalijui, la AdBlue. Ni maji yaliyochanganywa na urea safi kwa asilimia 32.5, yanapulizwa kwenye eksozi kupunguza sumu ya moshi. Prado za lita 2.8 zilizouzwa Japani zinayo, na Land Cruiser 300 za dizeli za Japani zinayo. Yakikaribia kwisha gari linakuhesabia kilomita, na yakiisha, ukishazima injini haliwaki tena. Nimeletewa magari yaliyotiwa maji ya bomba kwenye tanki hilo, na mengine yaliyotiwa mbolea ya urea ya shambani iliyokorogwa kwenye ndoo. Mbolea ya dukani ina uchafu na vitu vingine ambavyo mtambo ule hauvumilii. Inaganda, inaziba pampu na kipulizio, na sensa inafahamu kwamba umedanganya. Mijini AdBlue inapatikana kwa sababu malori mapya yanaitumia. Ukivuka Makuyuni, beba yako.

Na oili pia. Gari lenye DPF linataka oili maalumu yenye majivu kidogo. Wajapani huiandika DL-1 kwa magari madogo, Wazungu huandika C2 au C3. Ukilitia oili ya kawaida ya lori, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, majivu yake yanabaki kwenye DPF na hayaungui kwa moto wowote. Nimekuta gari la mamilioni linatiwa oili ya tipa kwa sababu aliyeliuza hakusema neno.

Tuje kwenye hesabu ya mafuta, maana hapo ndipo dizeli inaposifiwa kuliko penginepo. Nachukua Land Cruiser 300, kwa sababu kiwandani inatoka na zote mbili. Kwa vipimo rasmi vya Japani ya dizeli inakwenda kilomita 9.7 kwa lita, ya petroli 7.9. Barabarani kwetu zote zitakula zaidi ya hapo, lakini tuzitumie kwa kulinganisha. Mtu wa mjini anayetembea kilomita 10,000 kwa mwaka atatumia lita 1,031 za dizeli au lita 1,266 za petroli. Tofauti ni lita 235. Tuseme lita ni shilingi 3,000, kwa urahisi wa hesabu. Ameokoa shilingi 705,000 kwa mwaka mzima. Nozeli moja mpya ya asili, moja kati ya sita za injini ile, inapita fedha hiyo. Nimesema lita ni bei moja, lakini wasomaji wanaofuatilia bei kikomo za EWURA, wadhibiti wa nishati, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wanajua kwamba ipo miezi dizeli inauzwa ghali kuliko petroli. Halafu angalia mwenye hoteli ya Karatu anayetembea kilomita 40,000 kwa mwaka: kwake tofauti ni lita 940, ni shilingi milioni 2.8 na zaidi, na DPF yake inajisafisha yenyewe kila safari. Huyo ana haki ya kununua dizeli na kuisifia.

Nguvu nayo imebadilika. Hiyo V6 ya dizeli ya lita 3.3 ina nyutoni-mita 700, na V6 ya petroli ya lita 3.5 yenye tabo mbili ina 650, tena inaanza kuzitoa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Asiyeambiwa akiendesha kutoka hapa hadi Segera hawezi kukwambia kwa mvuto peke yake ipi ni ipi. Atakwambia kwa mlio. Kwa Land Cruiser 300 hoja ya kwamba petroli haivuti imekufa.

Lakini Prado ni habari nyingine, na hapa wapenzi wa petroli wanisikilize pia. Petroli ya lita 2.7, ile 2TR, ni injini ngumu kufa, ina cheni badala ya mkanda wa taimingi, spea zake zimejaa kila duka, na fundi wa kawaida anaimudu. Kwa mjini siijui injini ya Prado inayompa mwenyewe usingizi mzuri kuliko hiyo. Ila ina nyutoni-mita 246 tu kwa gari lenye tani mbili na zaidi, na haina tabo. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. Arusha yenyewe tuko kwenye mita 1,400 hivi, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,300. Weka watu saba na mizigo juu ya keria, panda kutoka lango la Lodoare, utaona dereva anavyokanyaga mpaka mwisho na gari linalia huku linatambaa. Dizeli ya 2.8 ina nyutoni-mita 450, na zile zilizotoka kuanzia 2020 zina 500, na tabo inafidia hewa nyepesi. Kwa njia hiyo, kila wiki, na abiria, nakushauri dizeli bila kusita. Au petroli ya lita 4.0, ile 1GR, kama mfuko wako unaruhusu sheli. Hiyo ina 380 na haina DPF wala AdBlue.

Zamani kulikuwa na hoja nyingine, kwamba vijijini petroli hakuna. Ilikuwa kweli. Dizeli ilikuwepo kwa sababu ya malori na mashine za kusaga. Bodaboda zimeibadilisha nchi hii. Hakuna kijiji nilichofika miaka hii ambacho sikuona petroli kwenye chupa za maji pembeni mwa barabara. Sikushauri kutia V6 ya tabo mafuta ya chupa, maana petroli iliyokaa juani inapoteza ubora, na Land Cruiser 300 ya petroli Japani imeandikiwa petroli ya oktani ya juu, soma maandishi ndani ya kifuniko cha tanki. Lakini ukikwama, petroli kidogo chafu kwenye 2TR utaitoa kwa kubadilisha plagi na kusafisha tanki. Dizeli kidogo chafu kwenye pampu ya baa 2,000 ni ile karatasi iliyokuwa inameremeta kwenye jua.

Niseme kwa haki kuhusu mafuta yetu. Tangu 2010 EWURA walipoanzisha vinasaba, yaani alama inayotiwa kwenye mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na 2011 Serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili yasiwe rahisi kuliko dizeli, uchakachuaji umepungua sana. Sisi wa benchi tuliona tofauti kwa nozeli tulizoletewa. Kiberiti (salfa) kilichomo kwenye dizeli nacho kimeshuka. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015. Lakini Japani kiwango ni sehemu 10, na gari lile lilibuniwa kwa hiyo 10. Linachokula hapa, hata kikiwa halali kabisa, kinaweza kuwa na kiberiti hadi mara tano. Ndiyo maana DPF iliyodumu miaka kumi Yokohama haitadumu miaka kumi Kinondoni. Na juu ya hapo kuna maji yanayokaa chini ya matangi ya sheli zisizouza sana. Wenye sheli za pembezoni nawaomba wapime maji kwenye matangi yao kila asubuhi kabla ya kufungua pampu, na wasiuze siku lori linaposhusha mpaka mafuta yatulie. Ni saa chache tu za kusubiri.

Mwenye dizeli ya kisasa naye ana wajibu wake. Filta ya dizeli ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema, iwe ya asili, na kikombe cha maji chini ya filta kifunguliwe mara kwa mara. Ukiwa unakwenda mbali funga filta ya pili yenye kutenga maji. Inagharimu kidogo sana ukilinganisha na pampu. Kwenye 1KD badilisha wasa za shaba zilizo chini ya nozeli kabla hazijavuja, kwa sababu zikivuja gesi ya moto inaingia kwenye oili, oili inakuwa lami, inaziba chujio la kunyonyea chini ya karteri (bakuli la oili), na injini inakosa oili huku stiki ikionyesha imejaa. Wengi waliosema "1KD imenifia ghafla" haikuwafia ghafla. Ilikuwa inavuja mwaka mzima. Na kwa yeyote mwenye DPF mjini: mara moja kwa wiki toka nalo barabara kuu, tembea nusu saa bila kusimama. Kama kufanya hivyo kila wiki kunakuwia vigumu, basi gari la dizeli halikuwa lako.

Sasa kuna jambo linaloniumiza na ambalo sitalinyamazia. Wapo mafundi wanaosuluhisha DPF kwa kuikata. Wanaipasua, wanatoa ule mzinga wa ndani, wanaifunga tena kwa welding, wanadanganya kompyuta isilalamike, mwenye gari anaondoka anashangilia. Kazi hiyo ina fedha, na kila mwezi naletewa. Siifanyi. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Masizi yale laini yanaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mimi nimeyavuta maisha yangu yote kazini, kifua changu kinajua. Asubuhi pale kwenye kituo cha daladala watoto wa shule wamesimama, urefu wao uko sawa na eksozi ya shangingi. Kama gari lako la kifahari linaweza kutembea tu kwa kuwapulizia wale, basi lingekuwa la petroli tangu mwanzo.

Mwisho nina ombi kwako, Mhariri, kuhusu matangazo ya magari unayochapisha. Mara nyingi yanaandikwa "Prado, dizeli, kutoka Japani, 2012", na mnunuzi anaamini. Prado 150 iliyouzwa Japani kati ya 2009 na katikati ya 2015 ilikuwa ya petroli peke yake. Dizeli ilirudi Juni 2015. Land Cruiser 200 ya dizeli haikuuzwa Japani kabisa. Kwa hiyo dizeli ya miaka hiyo imetoka pengine, kwa mfano Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi na fremu hupata kutu mahali usipopaona mpaka ulale chini ya gari, au imebadilishwa injini. Herufi za mwanzo za namba ya chasisi zinasema kila kitu. GDJ150 ni dizeli ya 2.8, KDJ150 ni dizeli ya 3.0, TRJ150 ni petroli ya 2.7. VDJ200 ni V8 ya dizeli, URJ202 ni V8 ya petroli ya 4.6. FJA300 ni dizeli mpya, VJA300 ni petroli mpya. Naomba gazeti lako liwatake wenye yadi waandike herufi hizo kwenye kila tangazo, pamoja na maneno mawili: kama gari lina DPF, na kama lina tanki la AdBlue. Na kama DPF ilishakatwa, waandike imekatwa.

Mnunuzi naye, kabla hajatoa hata shilingi ya amana, avute stiki ya oili injini ikiwa baridi, anuse, aangalie kama imepita alama ya juu, kisha aombe kompyuta imsomee DPF imejaa kiasi gani. Ni kazi ya dakika kumi, na muuzaji asiye na cha kuficha atakubali.

Wako,

Fundi pampu,
Unga Limited, Arusha